Mlima wa Kuteleza Ambao Hakuna Aliyemuuliza Neema

Jumatatu, 19 Januari

Nimetoka zamu ya asubuhi, nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari, nimefika nyumbani Crystal, hapa Minnesota, saa kumi. Nimemvua binti yangu Neema vyuma vya miguuni, nimemkanda vigimbi. Miaka kumi sasa nakanda miguu hii. Mikono yenyewe inajua njia.

Ndipo nikafungua grupu ya familia. Wifi yangu Mkamburi, anayeishi mji wa jirani, Roseville, ameshachagua mahali pa likizo ya Februari. Mlima mkubwa wa kuski, kuteleza kwenye theluji, huko kaskazini, mwendo wa saa nne. Familia nne za kanisani. Ameandika kwamba pametulia na panafaa familia.

Nikauliza: Neema atafanya nini huko?

Akajibu: "Kuna chumba kizuri chenye moto. Atakunywa kakao akitutazama dirishani."

Nimesoma mara tatu. Siku mbili dirishani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo si mtoto wa dirishani. Nina hasira.

Jumatano, 21 Januari

Leo nimeshuka chini zaidi kwenye ile grupu. Mume wangu, Mwakio, alishaweka dole gumba tangu Ijumaa. Kabla hata sijauliza swali langu. Baba wa mtoto!

Nilimsubiri avue buti tu.

"Ulikubali?"

"Mama Neema, ni wikendi moja. Dada amehangaika kupanga."

"Na binti yako amehangaika nini?"

Akaenda kujipakulia chakula. Nimechukia namna alivyotafuna.

Ijumaa, 23 Januari

Mapumziko ya kazini nimeyamaliza kwenye simu. Nimepiga sehemu tano za kuski. Zote zinasema zinapenda familia. Familia ya nani? Ya kwanza, ngazi ishirini kufika mgahawani, hakuna lifti. Ya pili, kijana ameniuliza kama mtoto "hawezi kujikaza kidogo". Nimekata simu. Ya tatu na ya nne, wataulizia, watanipigia. Hawatapiga.

Ya tano ni kilima kidogo tu, dakika arobaini kutoka hapa. Mama aliyepokea hakusitasita. Wana kiti chenye ubao wa kuski chini yake, na mwalimu anayeshika kamba nyuma. Choo kiko karibu, mlango mpana. Halafu akauliza Neema anapenda mwendo wa kasi au wa polepole.

Nilimwambia nitapiga tena. Nilifunga mlango wa stoo ya shuka pale kazini nikalia. Hasira, si huzuni.

Jumapili, 25 Januari

Baridi ya kuuma meno. Chai baada ya ibada. Mkamburi alinijia na kikombe mkononi, watu wote wanatazama.

"Wifi, nasikia unatafuta mahali pengine. Unatugawa."

"Mlishatugawa nyinyi mlipomtoa mtoto wangu."

"Hakuna aliyemtoa. Tunamhurumia tu, asije akaumia."

"Huruma hiyo kaa nayo. Neema si koti la kuachwa kitini watu wakicheza."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mchungaji aligeuka. Sikuomba radhi. Nimeendesha gari hadi nyumbani bila kuwasha redio, Mwakio pembeni, Neema nyuma amevuta kofia hadi machoni. Sijutii.

Jumanne, 27 Januari

Mwakio hatimaye amefungua mdomo. Anasema anaogopa. Akifumba macho anamwona Neema siku ile alipozaliwa kabla ya wakati, ndani ya sanduku la kioo, mirija kila mahali. Hataki kumwona anaanguka.

Nilimwambia mimi pia nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemzaa.

Sikumhurumia. Labda nilipaswa.

Alhamisi, 29 Januari

Nimemwambia Neema habari njema: tutakwenda kilima cha karibu, sisi watatu tu. Kiti, mwalimu, kila kitu tayari.

Hakufurahi. Aliweka kijiko chini, akanijibu kwa Kiingereza chake, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kwamba nimepigia simu watu wote wa Minnesota. Nimegombana na shangazi mbele ya kanisa zima, yeye akitamani kuzama chini ya kiti. Na hakuna hata siku moja niliyomuuliza anataka nini.

"Unataka nini?"

Anataka kuski. Na anataka binamu zake, watoto wa Mkamburi, wawepo. Kwenda peke yetu, amesema, ni dirisha lingine tu.

Nimekaa chooni muda mrefu. Hasira bado ipo, ila sasa inanielekea mimi. Hii ni nzito zaidi.

Jumamosi, 31 Januari

Neema amempigia shangazi yake mwenyewe. Alifunga mlango. Nilisikia sauti ikipanda, nikajizuia kuingia. Baadaye Mkamburi akanipigia, sauti kavu.

"Mtoto wako amenifokea."

"Amesema nini?"

"Kwamba nikimtaka dirishani, nikae naye mimi." Kisha akaongeza, "Tutakuja hicho kilima chenu. Wengine wanakwenda kaskazini, hawataki kubadilisha."

Hakusema samahani. Mimi pia sikusema. Na wale wengine sitawasahau.

Jumamosi, 14 Februari

Tumekwenda.

Mwalimu alimfunga mikanda Neema, akamuuliza: kasi au polepole? Kasi. Nilitaka kupinga. Niliuma ulimi.

Mara ya kwanza alishuka kama jiwe, anapiga kelele, binamu zake wanamfuata nyuma wakidondoka mmoja mmoja. Mara ya pili kiti kilipinduka kwenye kona. Mwakio alikimbia na buti zake za kazini, akateleza, akaanguka chali. Neema, uso umejaa theluji, alimpigia kelele amwache! Mwalimu akamwinua. Akataka tena.

Mwakio alibaki ameketi kwenye theluji. Nilidhani ameumia. Alikuwa analia, na anacheka. Niliketi pembeni yake, suruali ikalowa.

Mkamburi hakuthubutu hata kugusa ubao. Anaogopa theluji, kumbe, miaka yote hii. Alisimama nje kutwa nzima, midomo imekauka kwa baridi, akipiga picha. Nilimpelekea kakao. Akasema, "Asante, wifi." Basi.

Jumapili, 15 Februari

Saa nne asubuhi. Neema ana alama ya mkanda begani, ya zambarau. Aliionyesha kwa fahari kabla ya kulala. Mwakio anatembea ameshika kiuno, anachemsha uji. Nje theluji imeanza upya, laini, haina upepo.

Ibada imeshaanza. Sijamwamsha Neema.