Askari wa Kuchezea

Eldoret, 4 Juni 1936

Kwa Mama Kageha,

Mimi mzima. Mvua ni nzuri, mahindi yamefika magotini.

Bwana, mtu mzima na ndevu zake, bado anakusanya askari wadogo wa kuchezea, nami ndiye ninayewapangusa vumbi. Mwezi wa pili nilimvunja mmoja. Kwa hofu nikachonga mwingine wa mti, nikampaka rangi. Bwana aligundua, akacheka, akataka wengine.

Sasa mkataba umekwisha lakini hataki kutia sahihi kipande changu cha kazi kwamba ameniachia, na nikiondoka bila sahihi nitafungwa. Usiniulize tena nitarudi lini.

Jana aliniagiza nichonge boi wa nyumba. Nilimpa sura yangu. Yumo kabatini, nyuma ya kioo, na ufunguo anao Bwana.

Mbusu mtoto.

Mumeo,
Lugalia