Ukuta wa Msangano

Neema mjukuu wangu,

Hapa Ihanda hatujambo. Bibi yako anachuma kahawa, magoti yake yametulia. Unauliza nyumba yako ya Dodoma uipake rangi ya mafuta au ya maji.

Ujanani, mimi na Fundi Simbeye, aliyenifundisha kazi, tulipaka kanisa kule Msangano. Nilimshawishi tutumie ya mafuta, maana huku kwetu kwenye baridi ilidumu iking'aa. Plasta ilikuwa bado na unyevu. Jua kali la kule lilipoupiga ukuta, rangi ikatoka malengelenge kila mahali.

Wazee wa kanisa walipouliza, Fundi hakunitaja. Alisema, "Nimekosea mimi," akaanza kukwangua. Plasta ilipokauka tukapaka ya maji, inayouacha ukuta upumue. Tukiwa wawili tu, aliniambia kwa upole, "Ulipaka ukuta wa Ihanda, mwanangu. Huu ni wa Msangano."

Jua la Dodoma nalo ni kali kama la Msangano; basi paka ya maji, asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Wazee wale wamekufa wakiamini kosa lilikuwa la Fundi. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Babu yako