Kiti cha Mama Hakiendi Makumbusho

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umetulia? Karakana inakwendaje? Sisi wazima, watoto wanamwulizia shangazi yao.

Chuo kinatimiza miaka arobaini, nami nimepewa kuandika historia yake. Naomba kile kiti cha mama ulichobeba mlipoandamana. Tutakiweka makumbusho, ndani ya kioo. Ukurasa wa kwanza huu hapa, usome.

Mdogo wako,
Naibu Msajili

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unauma, karakana inanilisha.

Nimesoma mara mbili nikidhani miwani inanichezea. Eti "Serikali, kwa busara yake, ilianzisha chuo." Busara ipi? Nafasi za vyuo nchini zilikuwa mia tatu, tuliofaulu mtihani elfu nne. Wakatuambia turudi nyumbani. Tukarudi, tukachukua viti, tukaketi katikati ya barabara kuu tukifundishana hesabu. Walipochoka kutupiga ndipo wakatupa lile ghala liwe chuo. Sharti: sisi viongozi kumi na tisa tusikanyage humo. Tukakubali ili ninyi wadogo msome. Umesoma, Mtaalamu, na kitabuni mwako simo hata kwa bahati mbaya!

Kiti hakiji. Mguu wake waliouvunja askari kwa rungu niliuunga mwenyewe. Ndipo nilipoanza useremala. Nakikalia kila siku.

Dada yako

14 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na mgongo. Sentensi ile imetoka juu; mgeni rasmi wa sherehe ya tarehe mosi Aprili ni waziri, nami nina familia. Nimekuwekea nafasi safu ya nne.

Mdogo wako,
Naibu Msajili

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Wabusu watoto. Safu ya nne wape wenye busara. Tumebaki kumi na mmoja, tunakuja na viti vyetu. Tutaketi palepale barabarani, mbele ya lango. Waziri akitaka kupita, aturuke.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mgongo vipi baada ya jua la jana?

Uliponiona nashuka jukwaani na kiti changu kichwani, ulinisogezea nafasi pale barabarani. Asante. Leo asubuhi nimekuta ofisi yangu ina kitasa kipya.

Jumamosi nakuja. Nitaleta ukurasa mtupu; wewe utasema, mimi nitaandika. Nitaleta na kiti. Walinzi wamekivunja mguu wakati wananiondoa langoni. Ugonjwa huo unaujua.

Mdogo wako