Msumeno Namba Kumi na Nne

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo Mungu amenikumbuka!

Bwana misitu, Sosthenes, amekuja hapa nyumbani saa nne asubuhi, nikiwa napiga tupa cheni ya msumeno wa mtu. Hata chai hakutaka. Anasema msimu huu hakuna mwenye msumeno wa moto atakayepewa kibali cha kukata mti wala kupasua mbao mpaka msumeno wake ukaguliwe, na yeye mwenyewe aonyeshe kwamba anajua kuutumia bila kujiua. Ofisini hawana fundi. Wamenichagua mimi. Mimi! Najaza fomu, naweka sahihi: amefaulu, hajafaulu.

Orodha ina watu ishirini na wawili. Nikashuka nayo kwa kidole. Namba kumi na nne — Wilbroad.

Nilisoma mara mbili. Dole langu lilikuwa na oili, likaacha alama nyeusi juu ya jina lake. Vizuri.

Miaka minne na miezi miwili sasa. Leonard wangu alikuwa anampasulia Wilbroad mbao kule Sigino, kwa msumeno wa Wilbroad, na msumeno ulikuwa umetolewa breki. Ule mkono wa mbele unaosimamisha cheni msumeno unapopiga teke — haukuwepo. Pua ya msumeno iligusa kisiki cha tawi, ukamrukia, ukamchana bega la kushoto hadi mfupani. Tangu siku hiyo mkono ule haupandi kupita kiuno. Ndiyo maana ninanoa mimi, yeye yuko kwenye kigoda ananielekeza, mpaka watu wa Dareda wananiletea cheni zao na kuniita Mama Tupa.

Na Wilbroad? Alileta gunia la mahindi na blanketi. Akakaa dakika kumi akitazama sakafu, akaondoka. Neno samahani halikumtoka. Tangu hapo sijampa shikamoo, na ni mtu wa umri wa baba yangu mdogo.

Sasa atakuja uani kwangu kuomba sahihi. Mungu si Athumani.


Alhamisi, 5 Juni

Nimeandika orodha ya vitu vya kukagua. Leonard anataja, mimi naandika. Breki — sukuma mkono wa mbele, cheni igande papo hapo. Cheni — ivute kwa chini ya ubapa, ule upanga wa chuma unaoibeba, ikiachiwa irudi yenyewe, ikining'inia, hapana. Meno yawe na urefu mmoja, kulia na kushoto, la sivyo mbao inapinda. Petroli lita tano kwa mililita mia za oili. Kujaza mafuta injini ikiwa imezimwa na imepoa, kisha sogea hatua kadhaa ndipo uwashe. Kuwasha ukiwa umeweka msumeno chini, mguu wa kulia ndani ya kishikio cha nyuma — siyo kuudondosha hewani huku unavuta kamba kama unafukuza mbwa. Kofia, miwani, buti. Usikate kwa pua. Usiinue kupita bega.

Hilo la bega Leonard alilitaja mara mbili.

Mimi nikaongeza mambo mawili ya kwangu. Oili chafu ya gari kwenye cheni — hajafaulu. Ubapa wenye uchafu kwenye mfereji wake — hajafaulu. Wote wanatumia oili chafu hapa Babati, na Wilbroad alikuwa anatumia, nakumbuka madoa kwenye mashati ya mume wangu.

Leonard akauliza, Wilbroad naye yumo? Nikamwambia yumo, namba kumi na nne. Akasema, basi mpime kama wengine, Mama Domi. Nikamjibu nitampima kuliko wengine. Akatoka kwenda kutazama mbuzi, na mbuzi walikuwa wameshatazamwa.

Anamwogopa yule mzee hadi leo. Maskini mume wangu.


Jumapili, 8 Juni — Pentekoste

Kanisa limejaa. Kwenye kutakiana amani, benchi la nyuma yetu alikuwa nani? Yeye. Akanyoosha mkono. Mimi nikaanza kutafuta leso kwenye pochi. Nikatafuta mpaka padre akaendelea. Leonard alimpa mkono, wa kulia, wakashikana kwa muda mrefu. Nilimkata jicho mume wangu njia nzima ya kurudi.

Nimekomunika hivyohivyo. Mungu anajua.

Mwaka juzi walitaka kumfanya Wilbroad mwenyekiti wa jumuiya. Nilisimama. Nikasema huyu anatuongoza sala huku ametoa breki ya msumeno apate mbao haraka, akampa mtu mwenye watoto! Nikavuta shati la Leonard, nikawaonyesha kovu. Leonard ananiambia kaa chini, kaa chini, sauti ndogo. Sikukaa. Wakamchagua Konstantini. Wilbroad alibaki kwenye kiti chake mpaka mwisho, akaimba na wimbo wa kufunga.

Sijawahi kulala usingizi mtamu kama siku ile.


Jumatatu, 9 Juni

Siku ya kwanza. Watu kumi na watatu. Nimechoka, mbavu zinauma kwa kucheka.

Yoakimu wa Sigino amefunga cheni kinyume. Meno yanatazama nyuma! Anasema wiki mbili analalamika kwamba petroli ya siku hizi haina nguvu. Eliakunda amekuja na miwani ya jua ya mke wake, yenye maua pembeni, anataka niihesabu kuwa kinga. Nimemrudisha. Aniceti kawasha kwa kudondosha, kama nilivyojua. Nimemrudisha.

Sita hawana mkono wa breki kabisa. Sita! Sababu yao ni moja. Hapa kwetu mbao tunapasua kwa macho — unachovya kamba kwenye unga mweusi wa betri, unaipiga juu ya gogo, unafuata mstari. Wanasema mkono wa breki unawaziba wasione mstari. Nikamwita Leonard. Nikamwambia vua shati. Wakaona wote. Nikasema haya ndiyo malipo ya kuona mstari vizuri.

Leonard alivaa shati bila kuniangalia. Vifungo alikosea.

Kesho namba kumi na nne. Nimenawa mikono mara mbili kwa sabuni ya unga.


Jumanne, 10 Juni

Amekuja wa kwanza, saa moja na nusu, umande haujakauka. Na msumeno ni uleule. Rangi imefifia, lakini ni uleule ulioonja damu ya mume wangu.

Mkono wa breki upo. Nikausukuma — tak! Cheni ikaganda. Nikafanya mara tano.

Meno nimeyapima moja moja. Sawa. Nikapima tena. Mfereji wa ubapa ni safi, unaweza kula humo. Oili ya cheni ni ya dukani, mpya. Filta imepigwa brashi. Nikamuuliza maswali yote, anajibu kwa upole, tena anaongeza ambayo sikuuliza: kwamba ukipumzika usiache cheni yenye joto ikiwa imekazwa, ilegeze, ikipoa inajibana. Kweli. Na mimi niliisahau kwenye orodha!

Kuwasha — chini, mguu ndani ya kishikio, breki imefungwa. Mvuto wa tatu ukashika. Nikampa gogo la mkaratusi apasue kwa kamba, breki ikiwa mahali pake. Aliinamisha shingo pembeni, polepole, akafuata mstari mweusi mwanzo mpaka mwisho. Mbao imenyooka kama rula. Watu wakapiga makofi. Uani kwangu!

Sikuweka sahihi. Nikasema msumeno ubaki, kuna kitu nataka kuchunguza. Akauliza, kuna kosa, Mama Domitila? Nikamwambia yapo makosa yasiyoonekana kwa macho. Akasema ni kweli, mama, akachukua kofia yake, akaondoka kwa miguu.

Ni kweli, mama! Anakubali! Roho ilinilipuka. Hawezi kufaulu. Hapana. Siyo kwa mkono wangu.


Jumatano, 11 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi Leonard alikwenda sokoni. Nikaleta msumeno wa Wilbroad kwenye meza. Nikafungua kifuniko cha pembeni. Ndani kuna springi ndogo ya breki — bila hiyo mkono wa mbele unasukumika vizuri tu, lakini haushiki kitu. Nikaitoa. Nilipanga Sosthenes akija niseme, jaribu mwenyewe. Breki mbovu. Hajafaulu. Mbele ya watu.

Na kama asipojaribu? Wilbroad angeondoka nao, mzima kwa nje. Hilo nalo nililiwaza. Niliwaza pia lile teke. Sitasema uongo kwenye daftari langu.

Springi ilikuwa kiganjani nilipomsikia Leonard mlangoni. Alikuwa amesahau mfuko. Aliona kifuniko, akaona mkono wangu. Alinifundisha mwenyewe kila kipande cha mashine hii, hakuhitaji kuuliza.

Akasema, rudisha, Natalia. Hajaniita Natalia tangu Domitila azaliwe.

Nikamwambia sirudishi. Nikamwambia kama wewe unamwogopa, mimi simwogopi.

Akakaa kwenye kigoda. Akasema, ile breki niliitoa mimi. Wilbroad alinipa msumeno mzima. Nilifungua nati mbili, nikauweka ule mkono kwenye mfuko wa koti. Hakujua mpaka aliponiokota.

Nikacheka. Nilicheka kweli. Nikamuuliza amekupa nini useme hivyo.

Akasema, nilikuwa napata mbao kumi na mbili kwa siku. Edward, mwenzangu, alikuwa anapata ishirini, kwa sababu yeye alishatoa breki. Na kila jioni nikirudi, kabla hata sijavua buti, unaniuliza: mwenzako leo kapata ngapi?

Nilikuwa nauliza. Nikiwa nakoroga ugali, bila hata kugeuka. Siyo mara moja.

Nikauliza, na Wilbroad? Akasema alimsihi hospitalini asiniambie. Wilbroad akamjibu, mwache anichukie mimi, mimi narudi kwangu; wewe unalala naye nyumba moja.

Nimerudisha springi. Nimejaribu breki mara kumi.


Alhamisi, 12 Juni

Nimenoa cheni tatu, moja nimeiharibu, upande wa kulia nimepiga tupa mara nyingi kuliko wa kushoto. Haijawahi kunitokea.

Nimempikia Leonard mlenda, ambao haupendi. Amekula wote. Akaosha na sahani, kwa mkono mmoja. Nilitaka kumpiga nayo.

Miaka minne! Alikaa kwenye jumuiya ile, nikimfunua bega mbele za watu kama nyama buchani, na akaninong'oneza kaa chini. Kwa nini hukusimama wewe?

Na yule mwingine. Kumbe amekuwa ananisamehe kila Jumapili bila ruhusa yangu! Ananyoosha mkono, mimi natafuta leso, yeye anaelewa. Nani alimtuma aelewe? Angenitukana hata mara moja ningejua. Jana nilimchukia kwa kosa lake. Leo namchukia kwa wema wake, na huu ni mzito zaidi, maana siwezi kumshtaki kwa mtu yeyote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusema huu msemo kwa watu mara ngapi?


Ijumaa, 13 Juni

Saa tano. Sosthenes anafuata fomu saa sita.

Wilbroad yuko uani, amekuja kuchukua msumeno. Amekaa na Leonard kwenye gogo. Wanaongea habari za mahindi yaliyoliwa na wadudu. Nawasikia wakicheka, taratibu, kama watu wenye mgonjwa ndani.

Fomu yake nimejaza. Amefaulu. Sahihi nimeweka, imetoka mbaya.

Nikageuza karatasi niifunge na nyingine. Kwa nyuma kuna mstari ambao kwa wengine wote niliandika "hakuna" bila kuusoma vizuri: Ajali iliyowahi kutokea kwa msumeno huu, na chanzo chake. Nimempigia Sosthenes kuuliza kama ni lazima. Anasema ni lazima, tena huo ndio muhimu kuliko yote, kesho atausoma mbele ya wote ishirini na wawili wapate kujifunza.

Wote ishirini na wawili. Konstantini yumo. Yoakimu yumo. Nusu ya jumuiya.

Nikiandika "haijulikani", kila mtu anajua nilichokwisha kuwaambia. Anabaki Wilbroad kuwa mkosaji. Nikiandika Leonard, basi yule fundi wanayekuja kumsikiliza kwenye kigoda ndiye mjinga aliyefungua nati mbili.

Leonard ameingia kunywa maji. Ameiona karatasi, amesoma mstari, kikombe bado kiko mdomoni. Akasema, andika tu, mama. Akatoka.

Andika tu! Kama vile ni jina lake peke yake.

Mstari ni mfupi, nimebana herufi. Nimeandika: Aprili 2021, bega. Breki iliondolewa na mwendeshaji, Leonard, ili apate mbao nyingi, kwa sababu kila jioni nyumbani aliulizwa mwenzake amepata ngapi na

Pikipiki ya Sosthenes inazimwa getini. Amewahi.