Kikombe cha Yaya Zaina

Jumatatu, 2 Juni
Nimechemsha tena kikombe na kijiko cha Yaya Zaina; yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo ninavyomwita mke mwenzangu. Dakika kumi, kama dokta alivyosema. Shimio, hiyo dawa ya kansa wanayompitishia mshipani, imedhoofisha damu yake. Mdomo wa mtu mwingine usiguse chombo chake. Ugonjwa unaitwa limfoma, kansa ya tezi. Nywele zimeisha. Ananiambia sasa nimemzidi uzuri, nifurahi, nimengoja miaka mingi. Mke mwenza ni mke mwenza hata akiwa mgonjwa.

Alhamisi, 12 Juni
Shimio ya nne. Ametapika toka hospitali mpaka nyumbani, juu ya pikipiki, mgongoni mwangu. Nilimkasirikia. Kisha nikajikasirikia mwenyewe.
Tangu mume wetu Amisi avuke mto Lualaba wakati wa vita kutafuta chumvi, asirudi, tunakaa nyumba moja. Watu walingoja tutengane. Hatukuwa na pa kwenda, huo ndio ukweli. Kupendana kulikuja baadaye, tena kwa kuchelewa sana.

Jumamosi, 28 Juni
Shemeji Ramazani, kaka yake Zaina, amefika kutoka Lokandu na samaki wakavu. Alipoona shingo ya dada yake ilivyovimba, akaweka samaki chini.
Nikaleta uji. Kwetu anayempa mtu chakula huonja kwanza, watu waone hakina sumu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, mpaka shimio ilipoanza. Leo pia sikuonja. Nilikuwa nafikiria sharti la dokta tu, nikampa Zaina kikombe mkononi. Ramazani aliniangalia mpaka nikaelewa. Nikaanza kueleza habari za damu na mate. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo.

Jumapili, 29 Juni
Amesema wazi, uani, majirani wakisikia: "Ni sumu. Njo wewe ulimupa." Yaani ndimi niliyemlisha. Anataka kumpeleka Lokandu kwa mganga. Nilimwambia aende hospitali akaulize. "Dokta iko rafiki yako," akajibu. Amenikataza kupika.
Ninamchukia. Nimeandika na sifuti. Njia ile na mtumbwi wa pirogi vitamuua Zaina kabla ya ugonjwa. Atafia kwa watu wasiojua hata upande anaolalia.

Jumatano, 2 Julai
Siku tatu Zaina hagusi chakula cha jirani aliyetafutwa na kaka yake. Ukaidi, ndiyo. Na tumbo pia halitaki.
Leo ameniita kwa nguvu zote, Ramazani akiwa pale. "Mwamini, lete uji. Miye nakulaka kwa mukono yako." Nikaleta. Nikainua kikombe ili nionje, maneno yaishe. Akaninyang'anya. "Dokta alikataza, mudogo." Akanywa wote. Akatapika nusu.
Ramazani anasema atangoja siku ya dokta. Dawa isiposaidia, anamchukua.

Jumatatu, 14 Julai
Tulikwenda watatu. Dokta hakuzunguka. Tezi zimevimba upya, na za tumboni pia. Dawa imeshindwa, kuendelea ni kumtesa bure. Atatupa morfini ya maji, apunguziwe maumivu, akae nyumbani.
Zaina ndiye aliyeelewa kwanza. "Na kikombe?" aliuliza. Dokta hakuelewa. Ikabidi nimweleze, na uso unaniwaka kwa aibu. Akasema sharti lilikuwa lake, nililishika vizuri, na sasa limekwisha. Zaina ale na yeyote anayemtaka.
Ramazani aliinamisha kichwa. Halafu akauliza, polepole, nyumbani ni wapi. "Kwa Mwamini," Zaina akajibu.
Ramazani hakuniomba msamaha. Nimelia njia nzima, lakini si kwa ajili yake.

Ijumaa, 18 Julai
Morfini kila baada ya saa nne. Analala. Akiamka ananitukana kidogo, nafurahi.

Jumapili, 20 Julai
Sahani moja, wali wa Kibombo na sombe ya majani ya muhogo, sisi wawili. Anakula vijiko vitatu, mimi namaliza. Ramazani alikuja, akanawa, akakaa, akaingiza mkono wake. Hakungoja mtu aonje. "Hauogope sumu, kaka?" Zaina akamuuliza. Zaina mwenyewe alicheka mpaka akaumia, nikamshika mbavu.
Ninachoka. Kuna saa naomba yaishe, kisha naogopa nisije nikasikiwa.

Jumanne, 29 Julai
Asubuhi, baada ya dawa. Pumzi moja, kisha kimya. Nikangoja nyingine. Nilikuwa nimejiandaa. Haikusaidia kitu.
Wanawake wa msikiti walikuja kumwosha. Wakauliza ni nani wa ndugu zake atakayeingia nao. Mimi nilikuwa nimekaa ukutani na majirani. Mke mwenza hana cheo pale, na maneno ya uani kila mtu aliyasikia.
Ramazani alisimama mlangoni. "Mudogo yake njo huyu," alisema, akanionyesha mbele ya wote.
Nikainuka. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nikaanza na mkono wa kulia.