Kitenzi cha Kupambanua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza uvimbe na kwamba unapata usingizi bila kulikanda. Mimi mwili hauna neno. Nisalimie shangazi, umwambie miwani yake iko kwa fundi, haijapotea.

Mama, barua hii naomba uisome peke yako kwanza, kabla hujamsomea mtu.

Unamkumbuka yule mwalimu mstaafu niliyekuwa nikimsaidia hapa ofisini kutunga kamusi ya Kilatini na Kiswahili? Tulimwita Mzee Mkato, maana angeweza kusimamisha ukurasa mzima kwa sababu ya mkato mmoja. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo mimi nilimsomea na kumwandikia. Mwaka huu tulifika kwenye kitenzi *cerno*. Alinieleza kwamba watu wa kale walikitumia kwa unga unaopita kwenye chekecheke, kisha kwa jicho linalotambua kitu kimoja kati ya vingi, kisha kwa moyo unaoamua. Hata mrithi aliyetangaza rasmi kwamba anaupokea urithi alitumia kitenzi hichohicho.

Tulikitafutia Kiswahili chake wiki nzima. Akaniuliza nyumbani tunatengaje vitu. Nikamweleza jinsi unavyopepeta makapi, unavyochambua mawe kwenye mchele, unavyochekecha unga, na kwamba kila kazi ina mwendo wake wa mkono. Alifurahi akapiga meza. Tulipofika kwenye kuamua, nikasema “kukata shauri”, naye akacheka, akasema kumbe na sisi tunatumia kisu.

Sasa kitenzi hicho kina pacha. *Cerno* ni kutenga, *cresco* ni kukua, lakini ukisema “nilitenga” au “nilikua”, vyote viwili vinakuwa *crevi*. Mzee aliweka mifano yake kwenye vikadi ndani ya sanduku, na kadi nyingi hazikuandikwa ni za kitenzi kipi. Aliijua kila moja kwa mahali ilipokaa.

Kurasa za majaribio zilipotoka, jopo la wahakiki lilikuta chini ya kitenzi cha kutenga mito inajaa na watoto wanarefuka. Walicheka sana. Mmoja alisema mzee ameshindwa kupambanua kitenzi cha kupambanua. Mzee alipoulizwa alijibu kwamba huenda alichanganya, siku hizi hata funguo huzisahau. Wakampumzisha kwa heshima. Kiti chake nikapewa mimi, nikakuandikia, nanyi mkashangilia.

Mama, mzee hakuchanganya kitu. Niliangusha sanduku lile mimi, asubuhi moja nilipokuwa nafungua dirisha, naye hajafika. Niliokota kadi nikazipanga kwa kubahatisha, nikaona aibu kusema. Siku ya jopo nilikuwa nimeketi kando yake, kiwiko kwa kiwiko, nikatazama kalamu yangu. Nimekaa na jambo hili miezi mitatu.

Jumanne nilikata shauri. Niliingia kwa mkurugenzi nikamweleza tangu mwanzo hadi mwisho. Aliuliza kama najua ninachopoteza, nikamwambia najua. Amenipa barua ya onyo na kunirudisha kwenye meza ya kusahihisha chapa, na mzee ameandikiwa kuombwa radhi na kuitwa kazini.

Lakini sikutaka habari imfikie kwa bahasha. Siku ileile nilikwenda kwake. Mkewe alinifungulia, nikaona jikoni ameandika kwa herufi kubwa kwenye kila kopo: chumvi, sukari, majani. Nilimwambia mzee nikiwa nimesimama. Alisikiliza, mikono juu ya magoti. Nilitegemea atauliza kadi ziko wapi. Badala yake akasema polepole, “Miezi mitatu, binti yangu, nimekuwa nikiiogopa akili yangu mwenyewe.” Alikuwa ameacha kutoka peke yake. Alikuwa ameacha kuwasha jiko.

Nikaomba msamaha. Akasema atanisamehe, ila si leo, na kwamba akirudi kazini atataka mtu mwingine wa kumsomea. Nikasema ni haki yake. Kisha akainuka, akachukua fimbo yake, na mkewe alipotaka kumfuata akamwambia aketi. Akatoka mlangoni peke yake, akashuka ngazi akizihesabu kwa sauti, akashika njia. Mkewe na mimi tulisimama dirishani tukimtazama mpaka akapinda kona.

Najua majirani walikupongeza kwa ajili yangu. Usiwaambie kwamba nimeonewa, Mama, sikuonewa. Ukiona ni vigumu kuwaeleza, niachie. Mwezi ujao nakuja, nitawaeleza mwenyewe, mlango kwa mlango.

Ulitunze goti. Nakubusu mikono yote miwili.

Mwanao,
Kitindamimba