Simba wa Kompyuta

Shoga, acha unachofanya. Shemeji yako ametoka kunisimulia sasa hivi na mbavu sina.

Juzi alipanga kompyuta zote za ofisini, zile za mfumo wa Linux, zichukue masasisho ya programu kwenye laptop yake, yaani hiyo ndiyo iwe seva yao, badala ya mtandaoni. Eti ni haraka zaidi.

Leo zote zimegoma kusasishwa. Akampigia mtu wa intaneti, akamfokea mbele ya bosi: "Seva yenu imekufa."

Bosi akasoma jina la seva kwenye skrini ya kompyuta mojawapo iliyogoma: simba-wa-kompyuta.

Kisha akasoma stika ya laptop iliyokuwa kwapani mwa shemeji yako. Simba wa Kompyuta.

Kwapani, shoga. Ameizima mwenyewe, anatunza chaji.

Na yule wa intaneti bado yuko kwenye simu, kasikia yote. Akauliza kwa upole, "Simba, umejaribu kuiwasha?"